KISU HAKINA MACHO
Namna ya kuchagua na kutumia mashini ya kukata tole kwa nguvu ya mafuta

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kusoma zaidi tazama mikono yako miwili. Hesabu vidole. Viko kumi? Vizuri. Makala haya yanataka jambo moja tu: siku utakapopokea pensheni yako, uhesabu tena na uvikute kumi.

Leo tunazungumza juu ya mashini inayojulikana katika ateliye zetu zote za shodroneri: sizaye kubwa ya kukata tole, ile inayoendeshwa na mafuta yaliyokandamizwa. Bila mashini hii mgodi hauendi mbali. Ndiyo inayokata tole za mabomba ya hewa ya chini ya ardhi, vifuniko vya mikanda inayobeba mawe, milango, ngazi na matangi ya maji. Inafanya kwa dakika moja kazi ambayo babu zetu wa ateliye walifanya kwa patasi na nyundo kutwa nzima. Lakini mashini inayokata chuma kama mkate haiulizi ni nini kilicho chini ya kisu chake. Kwake tole ni kitu, na mkono ni kitu.

MASHINI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Mtu hawezi kuogopa vizuri kitu asichokijua. Tuanze basi kwa kuielewa.

Ndani ya mashini mnamo mota ya umeme. Mota inazungusha pompi, na pompi inasukuma mafuta katika tiyo mpaka kwenye silenda mbili, moja kila upande. Mafuta hayakubali kubanwa yakawa madogo. Yakisukumwa, yanasukuma pistoni, na pistoni inashusha kisu cha juu. Kisu cha chini hakitembei. Tole inakatwa katikati ya visu hivi viwili, kama kitambaa katika mkasi.

Nguvu inatoka wapi? Hesabu yake ni nyepesi, hata mtoto wa shule anaweza kuifanya. Kama mafuta yanasukuma kwa nguvu ya bar 200, maana yake kila santimetre moja ya mraba inapokea karibu kilo 200. Pistoni yenye upana wa santimetre 10 ina uso wa santimetre za mraba 78. Zidisha: unapata zaidi ya tani 15. Pistoni ni mbili, basi zaidi ya tani 30. Hii ndiyo akili aliyoitumia Mwingereza Joseph Bramah alipopata hati ya prese yake ya maji mwaka 1795, na mpaka leo haijabadilika.

Utazame tena kisu cha juu. Hakikulala sawasawa, upande mmoja umeinama kidogo. Si kosa la mtengenezaji. Kukata tole ya chuma laini ya unene wa milimetre 6 na urefu wa metre 1 kwa mara moja kunadai zaidi ya tani 200. Kisu kikiinamishwa kwa digrii 1 na nusu tu, kinakata kidogo kidogo kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na karibu tani 25 zinatosha.

Mbele ya kisu kuna mistari ya vikandamizi. Hivyo vinashuka kwanza na kuishika tole isiinuke wakati wa kukatwa. Watu wengi wanaogopa kisu na kusahau vikandamizi. Ni kosa. Kikandamizi hakikati kidole, lakini kinakiponda, na daktari atakuambia kwamba kidole kilichopondwa ni kigumu kukitengeneza kuliko kilichokatwa safi.

KUCHAGUA MASHINI

Pengine unafikiri: kuchagua mashini ni kazi ya wakubwa, inanihusu nini mimi? Inakuhusu. Katika komite ya usalama mfanyakazi anaweza kuulizwa maoni yake. Tena wako wenzetu wanaotoka kazini na kufungua ateliye zao mjini, Likasi, Kolwezi au Lubumbashi, na kununua mashini iliyokwisha tumika. Hapo hakuna mkubwa wa kukuchagulia. Uliza maswali haya.

Kwanza: inakata unene gani, na wa chuma gani? Kila mashini ina kibati kinachoonyesha nguvu zake. Namba iliyoandikwa pale ni ya chuma laini cha kawaida. Inoksi ni ngumu zaidi: mashini inayokata milimetre 6 za chuma laini, usiipe inoksi ya zaidi ya milimetre 4. Na zile tole ngumu tunazofunika nazo ndani ya mitaro ya kumwagia mawe, zile za manganeze na nyingine zilizotengenezwa zisilike upesi, usizilete kwenye sizaye kabisa. Kisu kinaweza kuvunjika na kipande chake kikaruka kama risasi. Hizo zinakatwa kwa moto. Vilevile usikate vyuma vya mviringo, reli, kamba za chuma au bulo kwa sizaye ya tole. Haikuzaliwa kwa kazi hiyo.

Pili: inasimama namna gani? Ziko sizaye za zamani zenye gurudumu zito linalozunguka. Ukikanyaga pedali mara moja, katika nyingi kisu kinashuka mpaka chini, hata ukijuta katikati. Sizaye ya mafuta iliyotengenezwa vizuri inaweza kusimamishwa njiani: ukiachia pedali au ukigonga kifungo chekundu, kisu kinasimama. Hiyo ni faida kubwa kuliko wepesi wa kazi. Lakini ijaribu mbele ya muuzaji, bila tole. Usinunue maneno.

Tatu: kinga yake iko? Mbele ya kisu lazima kuwe na kinga ngumu inayozuia vidole. Kipimo kinachotumika mahali pengi ni uwazi wa milimetre 6 chini ya kinga: tole nyembamba inapita, kidole hakipiti. Kwa tole nene uwazi unakuwa mkubwa zaidi, na hapo kinga lazima ikae mbali zaidi na kisu, ili hata mkono ukiingia usifike. Nyuma pia kuwe na kizuizi, kwani kisu kinaonekana kutoka pande zote mbili. Mashini iliyouzwa bila kinga kwa bei rahisi si rahisi. Bei iliyobaki utailipa kwa mkono wako au kwa mkono wa mwenzako.

Nne: mwanya wa visu unaweza kurekebishwa? Katikati ya kisu cha juu na cha chini lazima ubaki mwanya mdogo, kiasi cha sehemu 5 mpaka 10 kwa mia za unene wa tole. Kwa tole ya milimetre 2 ni kama sehemu ya kumi moja au mbili za milimetre. Kwa tole ya milimetre 6 ni karibu nusu milimetre. Mwanya ukiwa mkubwa mno, ukingo wa tole unatoka na miiba, na tole nyembamba inaweza kujikunja na kukwama katikati ya visu.

Tano: vipuri vitapatikana wapi? Tazama tiyo, viungo vya mafuta na visu. Kisu kizuri kina kingo nne: upande mmoja ukichoka, unakigeuza. Tiyo iliyopasuka-pasuka na mafuta yanayodondoka chini ni habari mbaya, hata mashini ikiwa imepakwa rangi mpya.

ASUBUHI, KABLA YA TOLE YA KWANZA

Usifike na kukanyaga pedali mara moja. Zunguka mashini yako, mbele na nyuma, kama vile dereva anavyozunguka gari. Mafuta yako kiasi? Pamemwagika mahali? Bulo za visu zimekazwa? Kinga imefungwa? Sakafu ni kavu? Mtu anayeteleza mbele ya sizaye hutupa mikono mbele, na mbele kuna kisu.

Halafu washa na uache mota izunguke dakika chache bila kukata. Wewe unayejua baridi ya Katanga ya mwezi wa 6 na wa 7, unajua pia kwamba mafuta ya asubuhi ni mazito. Yape nafasi yapate joto. Shusha kisu mara mbili tatu bila tole, na ujaribu kifungo chekundu. Kama hakisimamishi, kazi ya leo imekwisha: funga, andika kibao cha kuzuia, mwite mkubwa wa kazi na fundi wa matengenezo. Hutaonekana mvivu. Utaonekana mtu anayejua kazi.

Vaa viatu vya sekirite, miwani na vizuizi vya masikio. Glavu ngumu ni za kubeba tole, kwani ukingo wa tole mpya unakata kama wembe. Lakini ziwe za kipimo chako; glavu pana inaweza kunaswa ikavuta mkono ndani. Pete, saa na mikono ya shati inayoning'inia, viache sandukuni. Bibi yako hatakasirika ukivua pete asubuhi, kama jioni kidole cha kuivaa kinarudi nyumbani.

WAKATI WA KUKATA

Ujue uzito kabla ya kuinua. Hesabu yake ni hii: tole ya metre moja ya mraba, kwa kila milimetre moja ya unene, ina uzito wa karibu kilo 8. Basi tole ya metre 2 kwa 1, unene milimetre 6, ni kama kilo 95. Si mzigo wa mtu mmoja wala wa mashujaa wawili. Tumia palani.

Mkiwa wawili au watatu, mmoja tu ndiye anayeamuru na mmoja tu ndiye mwenye pedali. Hakanyagi mpaka aone mikono yote ya wenzake. Wengi waliumia si kwa mikono yao, bali kwa mguu wa rafiki. Mwenye pedali asiongee habari za mpira, asitazame simu, asigeuze kichwa kumsalimia anayepita. Na baada ya kila mkato aondoe mguu juu ya pedali. Mguu unaopumzika juu ya pedali ni kama kidole kinachopumzika juu ya mtambo wa bunduki.

Nyuma ya mashini asisimame mtu. Vipande vinaanguka kule, vizito na vyenye kingo kali. Ukitaka kuviondoa, mashini isimame kwanza. Usipitishe mkono katikati ya visu kuvuta kipande, hata kama mota imezimwa na "ni sekunde moja tu". Mikono mingi imepotea katika sekunde hiyo moja.

Sasa tufike kwenye hatari kubwa kuliko zote: kipande kifupi. Fikiri kidogo. Ni Jumamosi, saa ya kutoka inakaribia. Zimebaki tole ndogo kumi, upana wa kiganja. Hazifiki chini ya vikandamizi, na kinga inazuia vidole kuzisukuma. Sauti moja inakuambia: ondoa kinga, shika kwa vidole, malizeni, twende nyumbani. Ndugu, sauti hiyo si ya adui. Ni yako mwenyewe, ni ya mtu mwenye bidii anayetaka kumaliza kazi. Ndiyo sababu ni ya hatari. Bila kikandamizi, kisu kinaposhuka tole inainuka na kuvuta vidole vilivyoishika. Kipande kisichofika chini ya vikandamizi hakikatwi kwenye sizaye hii. Kinakatwa kwa sizaye ndogo ya mkono au kwa msumeno. Na kipande kinachofika lakini hakitoshi kushikwa vizuri, kisukume kwa mti au kwa chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa vidole. Kama kazi haikwishi leo, Jumatatu ipo.

MAFUTA YENYEWE NI KISU

Wengine wanadhani hatari ni kisu peke yake. Sikia vizuri sehemu hii, kwani wengi hawaijui.

Tiyo ikipata tundu dogo kama la sindano, mafuta yanatoka kwa nguvu ya kutosha kupenya ngozi na hata glavu. Pengine huyaoni, unaona ukungu tu au unasikia mluzi. Usitafute tundu kwa mkono kamwe. Zima mashini, ondoa nguvu ya mafuta, ndipo utazame. Kama fundi analazimika kutafuta mashini ikiwa na nguvu, atumie kipande cha karatoni mbele ya tiyo, naye akae mbali.

Mafuta yakiingia mwilini, kidonda ni kidogo kama cha mwiba. Saa ya kwanza pengine hakiumi sana. Mtu anapangusa, anaendelea na kazi. Jioni mkono umevimba, usiku haupoi, na baada ya siku chache daktari anaweza kulazimika kuukata. Basi ujue: kidonda cha mafuta yenye nguvu ni ajali kubwa hata kikiwa kidogo kama nukta. Nenda hospitali saa ileile, mwambie muuguzi wazi kwamba mafuta yaliingia kwa nguvu, na taja jina la mafuta. Usikande, usile wala kunywa kabla ya kuonwa, kwani pengine utahitaji kupasuliwa upesi. Na usikubali kurudishwa nyumbani na bandeji tu.

KUGEUZA KISU NA KUTENGENEZA

Mashini iliyozimwa si mashini iliyokufa. Kisu cha juu ni kizito na kinaweza kushuka chenyewe. Mashini nyingi zina pia chupa za azoti zinazorudisha kisu juu, na chupa hizo zinahifadhi nguvu hata mota ikilala. Kwa hiyo anayetengeneza afuate utaratibu: kuzima mota, kukata umeme kwenye kabati na kufunga kwa kadena yake mwenyewe, ufunguo mfukoni mwake, kuweka vizuizi imara chini ya kisu au kukishusha mpaka chini, kama kitabu cha mashini kinavyosema, kutoa nguvu ya mafuta, kisha kujaribu kuwasha, kuhakikisha kwamba kweli haiwaki. Mafundi wakiwa watatu, kadena ziwe tatu. Kila mmoja anaondoa yake mwenyewe. Na kinga iliyofunguliwa inarudi mahali pake kabla mota haijawashwa tena.

AJALI IKITOKEA

Kidole kikikatika, kelele haisaidii. Gonga kifungo chekundu. Mlaze au mkalishe mwenzako, bana kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu, inua mkono wake juu ya moyo. Kamba ya kufunga mkono ni ya mwisho kabisa, kama damu haikubali kusimama. Na ukiifunga, andika saa.

Kitafute kidole. Kifunge katika kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo kwa maji safi, kitie katika mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo uuweke katika chombo chenye maji na barafu. Usikitie kidole chenyewe ndani ya barafu wala ndani ya maji, kitaharibika. Kiende pamoja na mgonjwa. Mahali penye wataalamu, pengine kitarudishwa.

Halafu ajali iandikwe. Sheria ya kazi ya nchi yetu, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake, na ajali ya kazi inahusu Kasa ya Taifa ya Usalama wa Jamii, CNSS. Ajali iliyofichwa ili "mkubwa asikasirike" haina karatasi, na mkono usio na karatasi ni taabu ya miaka mingi kwa familia. Vilevile Mkataba nambari 119 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1963, unasema maneno mawili yanayokwenda pamoja: mfanyakazi asilazimishwe kutumia mashini isiyo na kinga, na mfanyakazi mwenyewe asiiharibu kinga iliyopo.

NENO KWA MAMA WA NYUMBANI

Mama, wewe hukanyagi pedali, lakini uko karibu na mashini kuliko unavyofikiri. Mume aliyelala saa tatu kwa sababu mtoto alikuwa na homa, au aliyetoka nyumbani kwa ugomvi bila chai, anafika mbele ya kisu na kichwa kilichobaki nyumbani. Siku kama hiyo mwambie tu: "Leo mwambie mkubwa wako hukulala." Mkubwa mwenye akili atampa kazi nyingine, mbali na sizaye. Na wewe baba, pombe ya jana usiku bado inaweza kuwa mwilini asubuhi. Kisu hakijui kwamba ulikunywa kwa sababu ya furaha.

Mkono unaokata tole ndio unaoleta unga, ndio unaomshika mtoto siku ya kwanza ya shule, ndio unaoshika jembe shambani baada ya pensheni. Kampani inaweza kununua kisu kingine. Mkono mwingine hauuzwi popote.

Jioni ya leo, ukitoka ateliye, hesabu tena. Kumi? Vizuri, ndugu. Kesho tufanye hivyohivyo.